Sura ya Tano: Bei ya Kitanda

Historia ya wanawake kuingia katika vyuo vya sayansi nchini Marekani husimuliwa mara nyingi kama historia ya mabishano, ambamo upande mmoja ulidai kwamba akili ya mwanamke haifai kwa kemia na hisabati, na upande wa pili ukathibitisha kwa hoja na kwa matokeo ya mitihani kwamba inafaa. Simulizi hiyo ina ukweli wake, lakini huacha kando jinsi mambo yalivyokwenda katika ofisi za wakuu wa vyuo, ambako kauli iliyotumika kumrudisha mwanamke mlangoni mara nyingi ilikuwa ya kumsikitikia: chuo kingependa kumpokea, ila hakina maabara ya kumtosha, hakina pa kumlaza, na kina hofu juu ya afya yake. Kauli ya namna hiyo ni ngumu kubishana nayo, kwa kuwa anayeitoa hakatai. Anaeleza tu kwamba haiwezekani. Wanawake wa kwanza waliofanikiwa kuhitimu waliijua vizuri, na kwa muda wa takriban miaka tisini wao na waliowafuata waliijibu kwa njia ambayo wenye ofisi hawakuitarajia, yaani kwa kukusanya fedha na kukinunua kila kisingizio kwa bei yake.

Ellen Swallow, aliyezaliwa mwaka 1842 katika familia ya wakulima huko Massachusetts, alipata shahada ya kwanza mwaka 1870 katika chuo cha Vassar, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya wanawake peke yao, na mwishoni mwa mwaka huohuo akakubaliwa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, ambayo sura hii itaiita MIT kama ijulikanavyo na wengi. Alipokelewa kama mwanafunzi maalumu, maana yake mtu anayeruhusiwa kusoma bila kuhesabiwa katika orodha ya kawaida, na akasamehewa ada. Alidhani amesamehewa kwa sababu ya umaskini wake. Baadaye akagundua kwamba msamaha ule ulikuwa kinga ya mkuu wa chuo, ili endapo mdhamini yeyote angelalamikia kuwepo kwa mwanamke darasani, aweze kujibu bila kupepesa macho kwamba chuo hakina mwanafunzi wa namna hiyo, kwa kuwa asiyelipa ada hajaandikishwa. Naye alisema kwamba lau angalijua hivyo tangu mwanzo, asingalikubali. Tukio hilo dogo linaeleza mengi kuhusu yale aliyoyafanya baadaye. Hisani aliyopewa ndiyo iliyomnyima haki ya kuitwa mwanafunzi, na kuanzia hapo alielewa kwamba katika chuo fedha si suala la kula na kuvaa tu, bali ndiyo huamua nani yumo kwenye orodha na nani hayumo.

Alihitimu kemia mwaka 1873, akaolewa na Robert Richards, profesa wa uchimbaji madini katika chuo hichohicho, na mwaka 1876 akafanikisha kufunguliwa kwa Maabara ya Wanawake ndani ya MIT. Vifaa vilinunuliwa kwa fedha za chama cha wanawake wa Boston kilichoshughulikia elimu, profesa John Ordway akaisimamia, na Ellen Richards akafundisha humo bila mshahara, huku yeye na mumewe wakichangia fedha zao wenyewe mwaka hadi mwaka. Wengi wa waliokuja walikuwa walimu wa shule ambao walikuwa wameikariri kemia vitabuni bila kuwahi kushika neli ya majaribio. Maabara hiyo ilifungwa mwaka 1883, na kufungwa kwake kulikuwa ndiyo mafanikio yake, kwa sababu MIT ilikuwa sasa imekubali kuwaandikisha wanawake kama wanafunzi wa kawaida na kuwaweka katika maabara za wote. Katika jengo jipya kilitengwa chumba cha mapumziko kwa wanawake, kilichopewa jina la Margaret Cheney, mwanafunzi wa kemia aliyefariki kabla ya kuhitimu, na chumba chenye jina hilo kingalipo chuoni hadi leo. Mtu asiyewahi kukaa siku nzima katika jengo lisilokuwa na mahali pa mwanamke kunawa uso au kuvua koti anaweza kukiona chumba kama anasa ndogo. Waliokichangia walijua kwamba ni sehemu ya masomo.

Kisingizio cha afya kilihitaji dawa ya aina nyingine. Mwaka 1873 daktari mmoja maarufu wa Boston, Edward Clarke, alichapisha kitabu kilichodai kwamba masomo mazito humharibia mwanamke uwezo wa kuzaa, kwa kuwa damu inayohitajika kwingine mwilini hupanda kichwani, na ingawa alitegemea visa vichache tu, kitabu chake kilisomwa sana na wazazi. Mwaka 1881 na 1882 wahitimu wa kike kutoka vyuo kadhaa, wakiwamo Marion Talbot na Ellen Richards, waliunda mjini Boston chama cha wahitimu wa kike, ambacho baadaye kilikua na kuwa Chama cha Wanawake wa Vyuo Vikuu cha Marekani. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwatumia wahitimu dodoso la kurasa kadhaa kuhusu afya zao, kabla ya chuo, wakati wa chuo na baada yake. Majibu 705 yalirudi, yakachapishwa mwaka 1885 kwa msaada wa ofisi ya takwimu ya jimbo la Massachusetts, na yakaonyesha kwamba afya ya wanawake waliosoma haikuwa na tofauti mbaya na ya wengine. Kwa hiyo mchango wa mwanzo wa chama hicho kwa wasichana waliofuata ulikuwa takwimu, nazo zilipatikana kwa gharama ya stempu za posta na uaminifu wa watu waliokubali kueleza habari za miili yao kwa karatasi. Ufadhili wa fedha ulifuata miaka michache baadaye, kabla karne haijaisha.

Miongoni mwa waliofaidika na ufadhili huo alikuwa Ida Hyde, mwanafiziolojia, yaani mtaalamu wa namna viungo vya mwili vinavyofanya kazi, aliyehitimu Cornell mwaka 1891. Mwaka 1893 alikwenda Ujerumani, ambako chuo kikuu cha Strasbourg, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, hakikuwa tayari kumtahini, na alipohamia Heidelberg profesa wa fiziolojia, Wilhelm Kühne, alimzuia kuingia katika mihadhara yake na katika maabara. Wasaidizi wa profesa walimpa daftari zao na michoro yao, naye akajisomea peke yake, akafanya mtihani wa mdomo uliodumu saa kadhaa mbele ya jopo, na mwaka 1896 akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Heidelberg. Baada ya hapo alialikwa kufanya utafiti katika kituo cha elimu ya viumbe vya baharini cha Naples, Italia, kilichoanzishwa na Mjerumani Anton Dohrn katika miaka ya 1870, na ni hapo alipoona mpango wa fedha ambao aliporudi nyumbani aliugeuza kuwa silaha.

Kituo cha Naples kilijiendesha kwa kukodisha meza. Chuo, serikali au chama kililipa kiasi cha dola 500 kwa mwaka, na kwa malipo hayo mtafiti aliyeletwa na mlipaji alipewa nafasi ya kazi yenye matangi ya maji ya bahari yanayotiririka, kemikali, vyombo vya kioo, maktaba, na wanyama hai walioletwa na wavuvi wa kituo kwa kadiri ya mahitaji yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwenye kulipia meza ndiye aliyechagua nani akalie; kituo hakikuuliza zaidi. Mwaka 1897 na 1898 Hyde aliwashawishi wahitimu wenzake na vyuo vya wanawake wachange, kila chuo dola 50 kwa mwaka, ili kuwe na meza ya wanawake wa Marekani kila msimu, na chama kilichozaliwa kikaongeza zawadi ya dola 1,000 kwa utafiti bora wa kisayansi utakaofanywa na mwanamke, zawadi ambayo baadaye ilipewa jina la Ellen Richards. Ukilinganisha na mamilioni yatakayotajwa mbele, hizi ni senti. Hata hivyo ni vigumu kupata katika historia nzima ya hisani za vyuo mfano mwingine ambapo fedha chache namna hii zilielekezwa kwa usahihi namna hii, kwa kuwa ziliruka vikao vyote vya maprofesa na kutua moja kwa moja kwenye darubini.

Zawadi hiyo ilikwenda mwaka 1905 kwa Nettie Stevens, aliyekuwa amesoma Stanford na Bryn Mawr baada ya kufundisha shule kwa miaka mingi ili kujipatia ada, na aliyewahi kufanya kazi Naples. Mwaka huohuo alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya chembe za uzazi za mdudu wa unga, yule kiwavi wa manjano aonekanaye kwenye nafaka zilizokaa ghalani, ambapo alihesabu katika chembe za jike kromosomu 20 kubwa, na katika chembe za dume kromosomu 19 kubwa na moja ndogo. Kromosomu ni nyuzi zilizomo ndani ya kiini cha chembe hai zinazobeba urithi kutoka kwa wazazi, na ile ndogo, ambayo baadaye iliitwa Y, ilionyesha kwamba jinsia ya kiumbe huyo huamuliwa na mbegu ya kiume wakati wa kutungwa, wala si chakula wala joto kama wengi walivyoamini. Alifariki mwaka 1912 kabla ya kushika nafasi ya utafiti iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili yake. Chama cha meza ya Naples kilijivunja mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa maelezo kwamba lengo lake limetimia. Ni vigumu kukubaliana na maelezo hayo: mwanamke alikuwa sasa anaweza kupata meza, lakini ajira ilikuwa bado adimu kwake.

Njia nyingine, ngumu zaidi, ilijaribiwa Baltimore. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889, lakini shule ya udaktari iliyokusudiwa kwenda nayo ilikosa fedha, kwa kuwa mtaji wa chuo ulikuwa umewekwa katika hisa za reli zilizoacha kutoa gawio. Mabinti wa wadhamini wa chuo, wakiwamo Carey Thomas, mhitimu wa Cornell mwenye shahada ya uzamivu kutoka Zürich, na Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli ambaye hakupata nafasi ya kusoma chuo chochote, walianzisha kamati na kutoa dola 100,000 kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe kwa masharti yaleyale ya wanaume. Wadhamini walipokea fedha hizo, kisha wakaeleza kwamba shule haiwezi kufunguliwa mpaka zifike 500,000, kauli ambayo msomaji wa sura hii ameshaizoea. Mwishoni mwa mwaka 1892 Garrett akatoa peke yake dola 306,977 zilizokuwa bado zimepungua, na akaongeza sharti la pili: kila mwanafunzi, wa kike au wa kiume, awe na shahada ya kwanza na msingi wa sayansi, na ajue Kifaransa na Kijerumani, mambo ambayo shule za udaktari za Marekani za wakati huo hazikuyadai. Profesa William Osler alimtania mwenzake William Welch kwamba wana bahati wameingia kama walimu, maana kama wanafunzi wasingepita. Shule ilifunguliwa mwaka 1893 ikiwa na wanawake 3, na kiwango kile kilichowekwa na mfadhili kikawa baadaye kiwango cha nchi nzima.

Mengi ya haya yalikuwa yamekwishatokea Katharine Dexter alipohitimu baolojia MIT mwaka 1904. Inasimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi aligoma kuvaa kofia, ambayo wanawake walitakiwa kuivaa hata maabarani, kwa hoja kwamba manyoya ya kofia karibu na moto wa gesi ni hatari, na chuo kikalegeza kamba. Mwaka huohuo aliolewa na Stanley McCormick, mtoto wa mvumbuzi wa mashine ya kuvunia nafaka, ambaye baada ya muda mfupi alipatwa na ugonjwa mzito wa akili uliomtesa hadi alipofariki mwaka 1947. Katika miaka hiyo Katharine McCormick alikuwa kiongozi na mweka hazina wa harakati za kura kwa wanawake, na baada ya kurithi mali ya mumewe akagharamia karibu peke yake utafiti wa Gregory Pincus uliozaa vidonge vya uzazi wa mpango, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1960. Watu humkumbuka kwa vidonge. Hapa anakumbukwa kwa vitanda.

Katika miaka ya 1950 wanawake wa MIT walikuwa chini ya asilimia 5 ya wanafunzi, na ndani ya chuo lilijadiliwa waziwazi swali kama si bora kuacha kuwapokea kabisa wale wa shahada ya kwanza, kwa kuwa wengi walikuwa wakiacha masomo. Sababu iliyotajwa mara kwa mara ya uchache wao ilikuwa malazi: nyumba pekee ya wanawake ilikuwa Bay State Road, upande wa pili wa Mto Charles, yenye nafasi za watu wachache, na msichana wa mwaka wa kwanza ambaye familia yake haikuishi karibu alilazimika kukaa humo. Kwa hiyo idadi ya wasichana waliokubaliwa kila mwaka ilikuwa inalingana, kwa hesabu rahisi kabisa, na idadi ya vitanda vilivyo wazi katika nyumba hiyo, hata kama walioomba walikuwa na alama za juu kuliko wavulana waliokubaliwa. Msomaji wa Afrika Mashariki anayezijua habari za shule za sekondari za kata na mabweni ya wasichana hatahitaji kuelezwa namna kitanda kinavyoweza kuwa mtihani wa kuingilia. McCormick alianza na lililokuwa karibu: aligharamia teksi za kuwavusha wasichana hao daraja wakati wa theluji na mvua, ili asiwepo atakayekosa kipindi cha asubuhi kwa sababu ya baridi ya mtoni. Kisha akatoa fedha za jengo zima la malazi, lililobuniwa na Herbert Beckwith na kufunguliwa mwaka 1963 ndani ya chuo, likitazama mto, na baadaye katika muongo huohuo ukaongezwa mnara wa pili. Alilipa jina la mumewe, na ndiyo maana wapita njia wengi hudhani kwamba mfadhili alikuwa mwanamume.

Inapasa kusemwa pia kwamba jengo hilo lilikuwa na kasoro iliyojificha ndani ya wema wake. Wanawake waliongezeka mara moja, lakini kwa kuwa sasa kulikuwa na jengo la wanawake, chuo kiliendelea kuwapokea kwa kadiri ya vitanda vya jengo hilo, na dari hiyo haikuondolewa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mabweni mengine yalipofunguliwa kwa jinsia zote mbili. Leo wanawake ni karibu nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa MIT. Kasoro ya namna hii huzikabili hisani nyingi zenye masharti, na zaidi zile zinazowekwa kama wakfu, ambapo mtaji hauguswi na chuo hutumia sehemu ndogo tu ya thamani yake kila mwaka, kwa kawaida kati ya asilimia 4 na 5, bila kikomo cha miaka. Fedha hudumu, na sharti hudumu nazo, hata baada ya tatizo lililolizaa kuhama. Sheria ya Marekani nayo imeingia kati: tangu mwaka 1972 chuo kinachopokea fedha za serikali ya shirikisho hakiruhusiwi kubagua kwa jinsia, ingawa kanuni zake huruhusu kutekeleza wosia au wakfu uliotengwa kwa jinsia moja, ilimradi jumla ya misaada yote ya chuo isipendelee upande. Kwa vitendo, ofisi ya misaada huwachagua kwanza wanafunzi wanaostahili bila kutazama jinsia, ndipo humtafutia kila mmoja mfuko unaomfaa, na mfuko wa wanawake hutumika kwa mwanamke ambaye angesaidiwa hata hivyo. Mfadhili anayedhani fedha zake zimemwingiza msichana mmoja zaidi huenda amepunguza tu mzigo wa mfuko mwingine, jambo ambalo McCormick, kwa kujenga vitanda vinavyohesabika, aliliepuka.

McCormick alifariki mwezi Desemba mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 92. Katika wosia wake aliiachia shule ya udaktari ya Stanford dola milioni 5 za kuwasaidia wanafunzi wa kike, lakini hakuishia hapo, kwani aliandika kwa upana kwamba fedha ziwatie moyo na kuwasaidia wanawake katika kusoma udaktari, kuufundisha na kuufanyia utafiti. Wakati huo wanawake walikuwa wachache katika shule za udaktari za Marekani. Mwaka 2019 walipita nusu ya wanafunzi wote wa udaktari nchini humo. Kwa kuwa wosia ulitaja kufundisha na kutafiti, fedha hizo hazikukwama kwa wanafunzi ambao hawakuwa tena na mlango uliofungwa, na sehemu yake imetumika kwa ruzuku za wahadhiri wa kike walio mwanzoni mwa kazi, katika miaka ile ambayo mtafiti hana budi kuwa na maabara yake, msaidizi wake na matokeo yake ya awali kabla hajaweza kushindania fedha za serikali, na ambayo kwa wengi wao ndiyo miaka ya kulea watoto wachanga.